Muziki usio na doh: tujadili atonali, Schoenberg na safu ya nota kumi na mbili

Besi wa Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za nadharia ya muziki humu zikifika karne ya 20 hukatika. Tunachambua Bach, Händel na Mozart vizuri kabisa, tunafika kwa Wagner, halafu mtu anaandika "baada ya hapo wakaanza kupiga kelele" na mjadala unafungwa. Naomba safari hii tusiufunge. Naamini mwanakwaya wa kawaida wa Afrika Mashariki ana nyenzo zote za kuelewa kilichotokea Vienna mwaka 1908, pengine kuliko mtu aliyeanzia kwenye piano, kwa sababu amesoma muziki kwa solfa.

Chukua karatasi yoyote ya kwaya. Juu kushoto imeandikwa "Doh ni F" au "Doh ni G", kisha zinafuata d r m f s l t kwa sauti nne. Hakuna nota pale inayojitegemea. "So" ni so kwa sababu ya umbali wake na doh, na doh ikihama, zote zinahama nayo. Mfumo huu ulitengenezwa Uingereza karne ya 19, Sarah Glover akiuanza na John Curwen akiueneza, na wamisionari wakaubeba hadi huku. Enoch Sontonga aliandika Nkosi Sikelel' iAfrika kwa solfa mwaka 1897, na sauti yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Aliyelelewa hivyo anaijua tonali, yaani muziki wenye doh kama makao, mwilini: ti inataka kupanda doh, fa inataka kushuka mi, na so kwenye besi inatangaza kwamba tunakaribia kufika.

Muziki wa atonali ni ule ambao hakuna nota iliyopewa cheo cha doh. Huwezi kuandika "Doh ni..." juu ya karatasi. Nota zote 12 za oktava ziko sawa, na ti haidaiwi kwenda popote.

Hali hiyo haikuzuka kwa siku moja. Tristan und Isolde ya Wagner, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Munich mwaka 1865, inaanza na akodi (nota zinazolia pamoja) ya F, B, D-shapu na G-shapu ambayo walimu wanabishana hadi leo iitwe nini. Inapotatuliwa, inatatuliwa kwenda kwenye akodi nyingine yenye mvutano. Doh inaahidiwa, inaahirishwa, inaahidiwa tena, kwa saa kadhaa. Mwaka 1885 Franz Liszt, akiwa mzee, aliandika kipande kifupi cha piano na kukiita Bagatelle sans tonalité, yaani kisicho na tonali. Kwa hiyo Arnold Schoenberg, aliyezaliwa Vienna mwaka 1874, aliukuta mlango umeshalegea.

Kazi ninayotaka muisikilize kabla ya kuandika lolote ni Kwarteti ya Nyuzi namba 2 ya Schoenberg, opus (namba ya kazi) 10. Sehemu ya kwanza ina ufunguo wa F-shapu minor, na mwanakwaya yeyote ataipata doh yake. Sehemu ya pili, katikati ya mbio zake, inachomeka wimbo wa mtaani wa Vienna, O du lieber Augustin, ule unaosema kila kitu kimekwisha. Sehemu ya tatu anaingia mwimbaji wa soprano, jambo lisilo la kawaida kabisa kwenye kwarteti. Sehemu ya nne haina alama yoyote ya ufunguo mwanzoni mwa mistari. Umbo dogo linaanzia kwenye selo, linapanda chombo hadi chombo mpaka violini ya kwanza, vyote vikiwa vimezibwa sauti, kisha soprano anaimba shairi la Stefan George: nahisi hewa ya sayari nyingine.

Ilipigwa Vienna tarehe 21 Desemba 1908 na kwarteti ya Rosé, Marie Gutheil-Schoder akiimba, na ukumbi ulilipuka kwa vicheko na kelele. Mwaka huo nyumba ya Schoenberg ilikuwa imetikisika: mkewe Mathilde aliondoka na mchoraji kijana Richard Gerstl, kisha akarudi, na Gerstl akajiua mwezi Novemba. Sisemi atonali ilizaliwa na ugomvi wa ndoa, kwa sababu njia ya kufika hapo inaonekana kwenye kazi zake za miaka kabla. Ila anayeiita kazi hii hesabu tupu na aisikilize sehemu ya tatu hadi mwisho.

Karibuni.

Kondakta Mstaafu

Mwalimu, asante kwa uzi uliopangika. Mimi nimesimama mbele ya kwaya miaka mingi na nitasema ninachoamini. Muziki ni wa kumgusa mtu. Huyu bwana alikaa mezani akapanga nota 12 kama mhasibu, hakuna kurudia mpaka zote ziishe, ndipo akatuletea tusikilize. Sikio la binadamu halihesabu hadi 12. Naheshimu usomi wake, ila sioni muziki.

Mama Alto

Nimeisikiliza hiyo sehemu ya nne leo asubuhi. Mwanzoni nilikuwa naitafuta doh kwa nguvu nikachoka. Mara ya pili nikamfuata soprano tu, kama ninavyomfuata mwenzangu kwenye mazoezi, na ikafunguka. Halafu mwalimu, mwishoni kabisa mbona wanatua kwenye akodi tamu ya kawaida? Au ni masikio yangu?

Besi wa Pili

Dada Mama Alto, masikio yako ni mazima. Kwarteti inaanza F-shapu minor na inaishia kwenye akodi ya F-shapu major. Kaondoka, kazunguka, kisha kaigusa tena doh ya zamani. Baada ya hapo hakuigusa tena kwa muda mrefu: nyimbo za opus 15, vipande vitatu vya piano vya opus 11, vipande vitano vya okestra vya opus 16, vyote ni vya 1908 na 1909, na ndani yake hakuna mahali pa kutulia kwa namna tuliyoizoea.

Mzee wangu Kondakta, shikamoo. Naomba tupange miaka, kwa sababu hoja yako inachanganya vipindi viwili. Kuanzia 1908 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 Schoenberg hakuwa na safu wala sheria ya 12. Aliandika kwa sikio na kwa hisia, tena kwa kasi ya kutisha. Erwartung, tamthilia ya mwanamke mmoja anayemtafuta mpenzi wake msituni usiku, ya takriban nusu saa kwa okestra kubwa, aliitunga kwa siku 17 mwaka 1909. Hakuna mhasibu anayefanya kazi hivyo.

Tatizo lililomfikisha kwenye safu ni la ufundi, na ni zuri sana kulitafakari. Katika muziki wenye doh, urefu unapatikana kwa safari: unatoka doh, unakwenda so, unapita kwenye minor yake, unarudi. Sonata nzima ya Beethoven imejengwa juu ya kuondoka na kurudi. Ukiiondoa doh, unaondoka wapi? Unarudi wapi? Ndiyo maana kazi za kipindi kile ama zina maneno ya kuzibeba, kama Erwartung au Pierrot lunaire ya 1912, ama ni fupi mno. Kipande cha sita cha opus 19, alichoandika Juni 1911 baada ya kifo cha mtunzi Mahler, kina mizani (vipimo vya mapigo) 9 tu. Mwanafunzi wake Anton Webern alifupisha zaidi: muziki wote aliouchapisha maisha yake yote unasikilizwa kwa mchana mmoja.

Schoenberg alitaka kuandika vipande virefu tena, vyenye umbo, visivyoegemea maneno. Safu ilikuja kujibu haja hiyo.

Nukta Nane

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, najiandaa na mtihani wa nadharia. Kitabu kinasema safu ina miundo 48 halafu kinaishia hapo. Inapatikanaje 48? Na safu ni skeli au siyo?

Besi wa Pili

Marahaba kijana. Siyo skeli. Skeli inakwambia nota zipi zinaruhusiwa, safu inakwambia zinafuatana vipi. Unapanga nota 12 kwa mpangilio mmoja, kila moja mara moja. Mipangilio inayowezekana ni 479,001,600, mtunzi anachagua mmoja na huo unakuwa mbegu ya kazi nzima. Kisha kuna namna nne za kuusoma: kama ulivyo, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa kuugeuza juu chini (palipopanda nusu toni pashuke nusu toni), na huo uliogeuzwa ukisomwa kutoka mwisho. Namna nne, na kila moja inaweza kuanzia kwenye nota yoyote kati ya 12. Nne mara 12 ni 48.

Vitabu vinaishia hapo na mwanafunzi anabaki akidhani mtunzi anachovya tu kwenye kapu la 48. Tuangalie opus 25, Suite ya piano, iliyokamilika 1923, ya kwanza kuandikwa yote kwa safu moja. Safu yake ni hii:

E, F, G, D-flati, G-flati, E-flati, A-flati, D, B, C, A, B-flati.

Jambo la kwanza: soma nota nne za mwisho kinyumenyume. B-flati, A, C, B. Wajerumani huita B-flati "B" na B "H", kwa hiyo umesoma BACH. Na sehemu za Suite ni dansi za enzi za Bach: gavoti, miniueti, jigi. Mtu aliyesemwa kuwa amebomoa mila alikuwa anaiandika mila ndani ya mbegu ya kazi yake.

Jambo la pili ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Katika ile miundo 48, alitumia minane tu: ile inayoanzia E, ile inayoanzia B-flati, zilizogeuzwa za nota hizo mbili, na zote nne zikisomwa kutoka mwisho. Chukua penseli. Safu ya asili inaanza E na kuishia B-flati. Ukiihamisha ianzie B-flati, inaishia E. Ukiigeuza juu chini kutoka E, inaishia B-flati. Kutoka B-flati, inaishia E. Na katika zote nne, nota ya tatu na ya nne ni G na D-flati, kama si kwa mpangilio huu basi kwa ule. Kwa hiyo kipande kizima E na B-flati zinarudi milangoni, G na D-flati zinarudi pamoja. Mzee Kondakta anasema sikio halihesabu hadi 12, na ni kweli. Hapa haliombwi kuhesabu. Linaombwa lizizoee jozi mbili za sauti zinazorudi na kurudi, na hilo sikio lolote linaweza. Doh imeondoka lakini nguzo nyingine zimesimikwa mahali pake, na msikilizaji akizipata hapotei.

Gambusi

Assalaam aleikum. Mie ni mtu wa taarab, Unguja. Hizo nota 12 zenu bado ni za piano. Fidla yetu ina sauti baina ya nota na nota. Je, maqam, ngazi zetu za muziki wa Kiarabu, yenye robo toni ndiyo atonali hiyo? Wanafunzi wa kizungu huniuliza sana jambo hili.

Besi wa Pili

Waaleikum salaam maalim. Sivyo. Maqam ina makao, tena yenye nguvu kubwa. Rast, mojawapo ya maqam, ina qarar yake, mpigaji anaondoka, anatembea, anarudi kutulia pale, na wasikilizaji wanajua amerudi. Nota ya tatu ya Rast iko karibu na senti 350 juu ya qarar (senti ni kipimo cha umbali wa sauti, nusu toni ya piano ni 100), katikati ya tatu ndogo ya piano yenye senti 300 na tatu kubwa yenye 400. Ni tonali kwa maana pana kabisa, ila kwa vipimo visivyo vya piano.

Mkutano wa mambo haya mawili ulitokea kweli. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na miongoni mwa wageni kutoka Ulaya walikuwapo Béla Bartók, Paul Hindemith na Mcheki Alois Hába, aliyekuwa anatunga kwa robo toni na kutengenezewa piano zake maalumu. Walikaa meza moja na mabingwa wa maqam kujadili vipimo vya skeli. Ningetoa mengi kusikia walichosikia.

Gambusi

Barakallahu fik. Basi nami nitasema langu: piano ndiyo iliyowafikisha huko. Ukizikata hatua zote sawasawa, senti 100 kila moja, hakuna nota yenye sura yake. Zikishafanana, nani atakuwa mkubwa?

Besi wa Pili

Maalim, hiyo ni hoja nzito na nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Safu ya nota 12 haiwezekani bila hatua sawa. Kuhamisha safu kutoka E kwenda B-flati bila kubadilisha umbo lake kunahitaji ngazi isiyo na upendeleo.

Mwana wa Nsambya

Habari kutoka Kampala. Hapo kwenye hatua sawa nina neno. Amadinda, zailofoni ya Buganda, ina mbao 12 lakini ngazi ya sauti tano, na hatua zake zinakaribia kulingana, kama senti 240 kila moja. Wimbo uleule unaweza kuhamishwa uanzie ubao mwingine, na mihamo hiyo tunaiita emiko. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana na kupishana, mmoja kila pigo la kwanza, mwingine kila pigo la pili, na wa tatu anaokota nyimbo zinazojitokeza katikati na kuzipiga kwenye mbao mbili za juu. Hatukuhitaji piano kufika huko. Je, wazee wa Vienna walijua?

Besi wa Pili

Ndugu, wa Vienna wa 1908 hawakujua. Waliokuja baadaye walijua. Gerhard Kubik, mtafiti aliyezaliwa Vienna, alijifunza kupiga kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaandika kuhusu nyimbo ambazo sikio linazisikia ingawa hakuna mpigaji mmoja anayezipiga. György Ligeti, Mhungaria aliyekimbilia Vienna mwaka 1956, alizifuatilia kazi hizo pamoja na rekodi za Afrika ya Kati za Simha Arom, na kitabu kikubwa cha Arom kuhusu polifonia (sauti nyingi zinazokwenda pamoja) za Afrika kina dibaji ya Ligeti.

Matokeo yake yamo kwenye Études zake za piano za 1985. Ya kwanza, Désordre: mkono wa kulia unapiga funguo nyeupe tu, wa kushoto nyeusi tu. Saba na tano, jumla 12. Kila mkono peke yake una ladha ya ngazi inayotambulika, ikiunganishwa huwezi kusema doh iko wapi. Halafu mikono inaanza pamoja na kuachana kidogo kidogo. Ligeti alikataa kuchagua kati ya tonali na atonali, na kilichomsaidia kupata njia nyingine kilitoka kwenye bara letu. Naomba hili lisipite haraka, maana vitabu vya mitihani havilitaji.

Kuna mwingine pia, Klaus Wachsmann, aliyesoma Berlin kwa Erich von Hornbostel wakati Schoenberg anafundisha utunzi mji huohuo. Wote wawili waliondolewa na Wanazi kwa sababu ya asili yao ya Kiyahudi. Schoenberg alipoteza uprofesa wake mwaka 1933, akaenda Paris kisha Marekani. Wachsmann alifika Uganda, akawa mkuu wa jumba la makumbusho la Kampala na kupima ngazi za ala za huko. Sijui jukwaa lingine ambapo wawili hawa wangetajwa kwenye aya moja, lakini walistahili.

Nukta Nane

Asante sana. Sasa kwenye uchambuzi. Kwa Mozart naandika I, IV, V7. Kwa muziki huu naandika nini?

Kodi ya Saba

Nimjibu kijana, nimefundisha hili chuoni. Namba za Kirumi zinahesabu kutoka doh, hapa zimekufa. Mfumo unaotumika zaidi ni wa Allen Forte, Mmarekani, kitabu chake kilitoka 1973. C ni 0, C-shapu ni 1, hadi B ni 11. Kundi lolote la nota unalipanga, unalibana liwe dogo iwezekanavyo, unalianzisha kwenye 0, na unalipa jina. Kundi na taswira yake iliyogeuzwa vinahesabiwa kitu kimoja. Ukifanya hivyo, makundi yote ya nota tatu yanayowezekana ni 12 tu, ya nota nne ni 29, ya tano 38, ya sita 50.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuonyesha kwamba akodi ya mzani wa kwanza na mlio wa mzani wa 20, ambavyo kwa macho havifanani, ni kundi moja. Webern anafunguka kabisa ukimchambua hivi.

Besi wa Pili

Nakubali, na nimeutumia. Lakini kijana ajue bei yake. Kwa Forte, akodi ya major na akodi ya minor ni kitu kimoja, zote ni 0, 3, 7, kwa sababu moja ni nyingine iliyogeuzwa. Akodi ya saba ya dominanti (V7) na ile ya Tristan nazo ni kundi moja, 0, 2, 5, 8. Mwambie mwanakwaya yeyote kwamba major na minor ni kitu kimoja, atafunga daftari. Mfumo unaona mifupa na hauoni uso. Kwa muziki ambao kweli umeziacha akodi hizo unafaa. Kwa Berg unaharibu, kwa sababu Berg alizitaka nyuso hizo zionekane.

Tumfikie basi Alban Berg, mwanafunzi mwingine wa Schoenberg. Konseto yake ya violini ya 1935 aliiandika kwa kumbukumbu ya Manon Gropius, binti wa Alma Mahler na Walter Gropius, aliyefariki kwa polio mwezi Aprili mwaka huo akiwa na miaka 18. Safu yake:

G, B-flati, D, F-shapu, A, C, E, G-shapu, B, C-shapu, D-shapu, F.

Hesabu nota tatu tatu. G, B-flati, D ni G minor. D, F-shapu, A ni D major. A, C, E ni A minor. E, G-shapu, B ni E major. Na besi za akodi hizo nne, G, D, A, E, ndizo nyuzi nne za violini zisipobanwa kwa kidole. Mpigaji anapoingia mara ya kwanza anazipitia nyuzi hizo wazi, jinsi mwanafunzi wa siku ya kwanza anavyoweza. Halafu nota nne za mwisho: B, C-shapu, D-shapu, F. Ziimbe kwa solfa. Ni doh, re, mi, fe (fa iliyopandishwa nusu toni). Kuna korali, wimbo wa kanisani, aliyoipanga Bach, Es ist genug, "yatosha, Bwana", inayoanza kwa hatua hizohizo: doh, re, mi, fe. Karibu na mwisho wa konseto, violini inaimba korali hiyo na klarineti zinajibu kwa harmonia ya Bach mwenyewe. Msikilizaji hahisi imebandikwa, kwa sababu ilikuwa ndani ya safu tangu mwanzo.

Berg alifariki tarehe 24 Desemba 1935, kabla ya kuisikia. Louis Krasner aliipiga mara ya kwanza Barcelona, Aprili 1936. Nikitaka kumwonyesha mtu kwamba safu inaweza kulia machozi, namwekea hii.

Kondakta Mstaafu

Nimeisikiliza konseto hiyo usiku, yote. Hapo kwenye korali nilisimama. Hiyo ni doh re mi fe kweli, na fe ile inauma. Hapo nimekuelewa mwalimu. Lakini usinifiche: baada ya vita vijana wao hawakuja kuandika mambo ambayo hata wao hawayasikii? Nimewahi kukaa kwenye tamasha la hivyo ughaibuni na hakuna aliyetikisika.

Besi wa Pili

Sitakuficha. Mwaka 1949 Olivier Messiaen aliandika kipande cha piano ambamo urefu wa nota, ukubwa wa sauti na namna ya kugusa ufunguo vimepangwa kama sauti zenyewe. Pierre Boulez, mwanafunzi wake, akasukuma wazo hilo hadi ukingoni kwenye Structures Ia ya piano mbili, ambapo karibu kila uamuzi unatoka kwenye jedwali. Mwaka 1952 alichapisha makala yenye kichwa kinachosema Schoenberg amekufa, akimlaumu kwamba alitumia safu mpya kujaza maumbo ya zamani. Miaka sita baadaye Milton Babbitt, Marekani, aliandika kwamba mtunzi ana haki ya kuwa mtaalamu kama mtu wa fizikia, bila kudaiwa aeleweke na umma.

Maoni yangu ni kwamba Boulez alimlaumu Schoenberg kwa jambo lililokuwa nguvu yake. Zile gavoti na jigi zilikuwa mahali pa msikilizaji kushika. Kwenye Structures Ia nguzo zimebaki kwenye karatasi, na ninapoisikiliza sizipati. Boulez mwenyewe hakukaa hapo. Alipoandika Le marteau sans maître, iliyopigwa mara ya kwanza 1955, alikwisharudisha rangi, pumzi na uhuru wa sikio, na kazi hiyo ina gitaa, vibrafoni na zailorimba zinazometa. Kwa hiyo tamasha lako la ughaibuni nalielewa, lakini lisibebeshwe Berg wala Schoenberg.

Mama Alto

Swali la mwisho kwangu. Je, kwaya inaweza kuimba haya? Si waimbaji wa kulipwa, kwaya kama zetu.

Besi wa Pili

Dada, Schoenberg alikutana na swali lako. Mwaka 1907, kabla hajavuka, aliandika Friede auf Erden, "Amani duniani", kwaya tupu isiyo na ala. Bado ina doh na inaishia D major, lakini njiani sauti zinapishana kwa ukali kiasi kwamba kushikilia ilikuwa kazi kubwa mno, na mwaka 1911 ilibidi aongeze ala za kuwashikilia waimbaji. Hata hivyo kwaya nyingi nzuri leo huiimba bila ala.

Na kwenye safu kamili, mfano ni A Survivor from Warsaw ya 1947, ya takriban dakika saba. Msimulizi anasimulia Wayahudi wakihesabiwa na wanajeshi wa Kinazi kabla ya kupelekwa kuuawa, na katikati ya kuhesabiwa wanaume wanaanza kuimba Shema Yisrael, sala ya Kiyahudi, wote sauti moja, kwa safu ya nota 12. Haikupigwa mara ya kwanza New York wala Boston. Ilipigwa Albuquerque, New Mexico, tarehe 4 Novemba 1948, Kurt Frederick akiongoza okestra ya mji ule na waimbaji wasio wa kulipwa, wakiwemo watu wa mashambani. Ilipoisha, ukumbi ulinyamaza, ikapigwa tena palepale tangu mwanzo.

Kwa mazoezi, usiwaandikie solfa ya doh inayohama, itawachanganya. Wape namba. Anzisha safu ya Berg kwa G kama 0: 0, 3, 7, 11, 2, 5, 9, 1, 4, 6, 8, 10. Waimbe tatu za kwanza, ni l, d, m ya minor wanayoijua. Kisha wapande kwenye 11 na 2 waipate major. Wafundishe kila mtu kuchukua nota yake kutoka kwa jirani na siyo kutoka kwenye besi. Wakifika 4, 6, 8, 10, waambie ni d, r, m, fe.

Kondakta Mstaafu

Jumamosi nitaijaribu na sauti ya tatu na ya nne. Nitaleta majibu humu.